Farasi hana breki: uongo wa runinga ninaokutana nao kila Jumamosi

Jumamosi iliyopita baba mmoja alipanda farasi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilikuwa bado nakaza mkanda wa tandiko. Kabla sijamwambia lolote alinyakua hatamu kwa mikono miwili, akampiga farasi visigino mbavuni na kutoa ukelele. Farasi mwenyewe ni jike mpole aliyefundisha watoto kwa miaka tisa. Alirusha kichwa juu, akatoka mbio. Yule baba akavuta hatamu kwa nguvu zake zote, mdomo wa farasi ukaachama hadi nikauona ulimi na lijamu, na bado hakusimama. Nilipomfikia na kumtuliza, baba alishuka akihema, akaniambia, "Mwalimu, farasi wako hana adabu. Kwenye TV wakivutwa hivi wanasimama."

Nafundisha watu kupanda farasi hapa Nairobi, upande wa Karen. Maneno hayo nimeyasikia kwa watoto, kwa mabwana harusi wanaotaka picha, na kwa vijana walioandaliwa kuigiza kwenye video za muziki. Hawana nia mbaya. Farasi wote waliowaona kabla ya kufika kwangu waliwaona kwenye kioo, na kioo humwonyesha mpandaji, kikamficha farasi.

"Piga teke aende, vuta hatamu asimame"

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu anayelipia gharama yake ni mnyama asiyeweza kusema.

Anza na lijamu. Ni chuma, na hukaa kwenye pengo lililo kati ya meno ya mbele na magego, mahali ambapo mfupa wa taya umefunikwa na ufizi mwembamba tu. Chini yake kuna ulimi. Ukitaka kujua maana yake, weka mpini wa kijiko juu ya ufizi wako wa chini, kisha ubonyeze kidogo kwa kidole. Kidogo tu. Sasa fikiria mtu wa kilo tisini ameegemea nyuma akivuta.

Halafu ngozi. Farasi akituliwa na inzi mmoja ubavuni, utaona ngozi ya pale pale inatetemeka kumfukuza. Mnyama anayehisi miguu ya inzi hahitaji teke ili ajue unataka nini. Farasi aliyefundishwa vizuri husogea ukimgusa kwa shavu la mguu, na wengine husogea ukikaza tu misuli ya paja. Anayepigwa mateke kila siku hujifunza kuziba masikio ya mwili wake, na hapo watu husema ni mvivu.

Mbona basi yule jike hakusimama? Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Kinga yake ni miguu, na maumivu humwambia kimbia. Hana namna ya kuelewa kwamba chuma kinachomuumiza mdomoni kitalegea akitulia, kama hakufundishwa hivyo na kama aliyeko mgongoni halegezi hata kidogo. Anainua kichwa kulikwepa lijamu, na kichwa kikishainuka mgongo unazama, haoni vizuri anapokanyaga, hofu inazidi na mbio zinazidi. Ana kilo mia tano. Sijawahi kumwona mtu aliyemshinda kwa kuvutana naye.

Farasi husimamishwa kwa kiuno. Unakaa chini kabisa ndani ya tandiko, unatoa pumzi ndefu, nyonga zinaacha kufuata mwendo wake, kisha unafumba vidole juu ya hatamu kama mtu anayekamua sponji. Akipunguza mwendo, hata kwa hatua moja, unalegeza papo hapo. Kule kulegeza ndiko kunakomfundisha. Usipolegeza hujamwambia kitu. Na akikutoka mbio kweli, usivute hatamu zote mbili. Tumia moja kumpeleka kwenye duara kubwa, kisha ulipunguze duara polepole. Ukimkata kona kali akiwa kwenye kasi mnaweza kuanguka wote wawili.

Haya yote hayaonekani kwenye tamthilia. Farasi wa filamu amefundishwa kwa miezi mingi na wataalamu, kipande unachokiona ni cha sekunde chache, na mara nyingi farasi mmoja wa hadithi huchezwa na farasi watatu au wanne wanaofanana rangi: mmoja wa kukimbia, mmoja wa kusimama kando ya mwigizaji, mmoja wa kuanguka. Nawaomba wanafunzi wangu jambo moja. Ukitazama tena, acha uso wa mwigizaji, tazama mdomo wa farasi. Ukiuona umeachama na kichwa kiko juu, ujue hicho unachoonyeshwa kama ushujaa ni maumivu.

Kuna siku runinga iliyaonyesha haya bila kuyaremba, na dunia nzima ikaona. Ilikuwa Agosti 2021, Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mashindano ya wanawake ya mchezo wenye fani tano. Katika mchezo huo mpandaji alikuwa anapewa kwa kura farasi asiyemjua, na dakika ishirini tu za kuzoeana naye. Mjerumani aliyekuwa akiongoza alipewa farasi aitwaye Saint Boy, ambaye tayari alikuwa amegoma kuruka viunzi chini ya mpandaji mwingine siku hiyo hiyo. Akagoma tena. Mpandaji alilia, akatumia mjeledi, kocha akampiga farasi ngumi kutoka nje ya uwanja, na haikusaidia kitu. Medali ikaponyoka. Kocha alifukuzwa kwenye michezo ile, na baada ya Paris 2024 upandaji farasi ukaondolewa kabisa katika fani hizo tano. Ikiwa bingwa wa kiwango cha Olimpiki hakuweza kumlazimisha farasi asiyemwamini, wewe uliyekuja na tiketi ya saa moja utamlazimishaje?

Kwa hiyo kwangu masomo manne ya kwanza ni bila hatamu. Mimi nasimama katikati nikiwa na kamba ndefu, farasi anazunguka, na mwanafunzi anajishikilia kwenye ukanda uliofungwa shingoni. Anajifunza kukaa kwa mizani yake mwenyewe kabla sijamkabidhi mdomo wa mnyama. Wazazi hulalamika kwamba wamelipa ili mtoto "aendeshe". Sibadilishi, na sitabadilisha.

"Farasi huenda shoti kutwa nzima"

Mjumbe anatoka alfajiri kwa shoti, yaani mbio za kasi kabisa, na kufika machweo kwa shoti, farasi hata jasho hana. Nenda Ngong Racecourse siku ya mashindano ujionee. Derby ya Kenya ni mita 2,400. Hawa ni farasi waliozaliwa na kulishwa kwa ajili ya mbio, wanamaliza kwa takriban dakika mbili na nusu, na wanaporudi pua zimepanuka, mishipa imesimama, mwili umelowa. Farasi hupumua kwa pua peke yake, mdomo haumsaidii, na akiwa kwenye shoti pumzi moja huenda na hatua moja. Hawezi kuongeza pumzi bila kuongeza hatua.

Wamarekani walioendesha posta ya farasi kutoka Missouri hadi California mwaka 1860 na 1861 walilijua hilo. Barua ilivuka karibu kilomita elfu tatu kwa siku kumi hivi, lakini mpandaji alibadilisha farasi kila baada ya kilomita 16 hadi 24. Filamu hubakiza mpandaji na vumbi, vituo vya kubadilishia hukatwa. Farasi wa masafa marefu wapo kweli, na ndugu zetu walioko Oman na Imarati wanaijua vizuri michezo ya kilomita 160. Hata huko safari hugawanywa vipande, na kila kipande kikiisha daktari wa mifugo hupima mapigo ya moyo na kutazama kama anachechemea. Moyo usiposhuka kwa muda uliowekwa, mashindano yake yameishia hapo.

Hayo ya sauti na kusimama kwa miguu miwili

Watoto wakifika huniuliza mbona farasi wangu hawalii. Kwenye runinga farasi hulia akitoka bandani, akisimama, akigeuka, hata akifa. Sauti hizo hubandikwa studio baadaye. Mnyama wa kuwindwa hana sababu ya kujitangaza. Farasi hulia kwa sauti kuu akimwita mwenzake aliye mbali, au akisikia ndoo ya chakula inakuja. Mengine yote huyasema kwa masikio, na hayo ndiyo ninayowafundisha watoto kuyasoma. Kwato nazo, kwa miaka mingi studioni, zilitengenezwa kwa vifuu viwili vya nazi vikigongwa juu ya sakafu au mchanga. Mtoto yeyote wa pwani anaweza kufanya hivyo nyumbani.

Kuhusu kusimama kwa miguu ya nyuma huku mpandaji akipunga kofia: tafadhali msiniombe picha hiyo. Farasi akisimama hivyo mwenyewe, anaogopa au anaumwa, na akipoteza mizani huangukia mgongo, na mpandaji yuko chini yake. Machi 2012 kituo cha televisheni cha Marekani, HBO, kilikuwa kikirekodi tamthilia kuhusu mbio za farasi. Farasi wa tatu kufa katika kazi ile alikuwa akiongozwa tu kurudi bandani. Akainuka kwa miguu ya nyuma, akaanguka, akapiga kichwa. Mwezi huo huo tamthilia ikasitishwa.

Helmeti

Hapa sibishani na mtu. Kwangu hupandi bila helmeti, hata kama ni picha ya dakika tano, hata kama umesukwa nywele jana. Courtney King-Dye, aliyeiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya 2008, alivunjika fuvu Machi 2010 farasi wake alipojikwaa, na hakuwa amevaa. Alizimia kwa wiki kadhaa. Farasi hakuwa amefanya ukorofi wowote, alijikwaa tu.

"Farasi ndiye anayefanya kazi, wewe umekaa"

Njoo unieleze hivyo siku ya pili, ukishindwa kushuka ngazi. Na wanaosema kinyume chake, kwamba kunahitajika nguvu za dume, nawajibu kwa jina la Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpoozesha miguu chini ya magoti, alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka, na mwaka 1952 huko Helsinki alitwaa medali ya fedha akishindana na wanaume. Mpaka leo wanawake na wanaume hushindana pamoja katika upandaji farasi wa Olimpiki.

"Huu ni mchezo wa Wazungu"

Naelewa inatoka wapi, maana hata hapa Kenya ukoloni ndio uliojenga mabanda na viwanja. Lakini dhana yenyewe imetengenezwa na kamera. Ng'ombe wa Marekani walichungwa pia na watu weusi wengi waliotoka utumwani, nao karibu wote wamefutwa kwenye filamu. Katika Derby ya kwanza ya Kentucky, mbio maarufu za farasi za Marekani, mwaka 1875, wapandaji 13 kati ya 15 walikuwa weusi, na mshindi Oliver Lewis alikuwa mmoja wao. Isaac Murphy aliishinda mara tatu. Karibu zaidi na sisi, Ethiopia ina farasi kwa mamilioni na Waoromo wana michezo yao ya farasi. Huko Lesotho mchungaji hupanda mlima juu ya farasi akiwa amejifunika blanketi. Kano, kaskazini mwa Nigeria, kwa desturi sikukuu ya Idi haikamiliki bila maandamano ya wapanda farasi. Kilichofanya farasi wawe wachache katika ukanda wetu ni mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi. Wadudu, basi, wala si rangi ya mtu.

Yule asiyeonekana kabisa

Kwenye filamu shujaa hufunga farasi nje ya baa, tandiko likiwa mgongoni, akalala, akaamka na kuondoka naye. Hakuna aliyemnywesha. Lita ishirini mpaka arobaini za maji kwa siku hazionekani, wala nyasi kavu kilo kumi hivi. Tumbo la farasi ni dogo na limeumbwa kupokea nyasi kidogo kidogo karibu kutwa nzima. Hawezi kutapika, kwa hiyo msokoto wa tumbo unaweza kumuua ndani ya siku moja. Kila wiki sita hadi nane fundi wa kwato lazima aje.

Anayebeba haya yote ni saisi, mtunza farasi. Katika banda langu saisi wa zamani zaidi, mzee ninayemheshimu kama baba, hufika kabla hakujapambazuka. Hapitii farasi yeyote bila kumpapasa miguu yote minne kwa mkono, akitafuta joto au uvimbe, na hutazama kinyesi kabla ya kutazama kitu kingine. Machweo yakikaribia yeye ndiye anayewarudisha wote ndani kabla usubi hawajatoka. Jumamosi ile, baada ya yule baba kuondoka, nilimkuta amemfungua jike yule lijamu, amemshika taya kwa kiganja na kumwinulia mdomo wa chini taratibu. Kulikuwa na mchubuko mwekundu kwenye ufizi, urefu wa ukucha. "Huyu wiki mbili hapandwi, Mwalimu," akasema, na wanafunzi sita wanaompanda jike huyo nimewapigia simu kuwaambia.