Taa ya Kadi Inawaka, Lakini Anwani ya IP Haiji

Kila masika yanapoanza hapa Kigoma, simu ninazopigiwa huja na maneno yale yale: "Fundi, kompyuta imekataa kushika IP," yaani haipati anwani, ile namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Maneno hayo hufunga matatizo mawili katika furushi moja, na mimi husisitiza yafunguliwe kabla ya mtu yeyote kugusa faili la mipangilio. La kwanza ni kiungo, yaani kama kadi ya mtandao na swichi zinasikiana kupitia waya. La pili ni DHCP, yaani mazungumzo ya kuomba na kupewa anwani, ambayo hayawezi hata kuanza iwapo kiungo hakipo.

Kwenye Linux amri ya kuangalia kiungo ni `ip link`, na kwenye FreeBSD ni `ifconfig`. Ukiona NO-CARRIER, au `status: no carrier`, yaani kiungo hakipo, achana na DHCP kabisa, badilisha kebo, kisha badilisha mlango wa swichi, kimoja baada ya kingine. Kebo zilizobanwa vichwa kwa mkono zina hila yake, kwa sababu kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu za nyaya, ilhali gigabiti 1 inahitaji jozi zote nne. Jozi moja ikikatika, kadi nyingine hujishusha hadi 100 bila kulalamika, na nyingine kiungo chake huwaka na kuzima mfululizo.

Kinachowachosha mafundi wengi ni hali ya kiungo kuwa hai na anwani isije. Niliikuta katika ofisi moja maeneo ya Mwanga, ambako kompyuta ndogo ya Linux ilikuwa ikikosa anwani kila ilipowashwa, lakini mtu akiiendesha amri ya kuomba kwa mkono, inapata papo hapo. Walikuwa wamekwisha kununua kadi mpya, fedha iliyopotea bure. Kosa lilikuwa muda. Swichi yao ilikuwa inatumia itifaki ya zamani ya kuzuia mizunguko (data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi), spanning tree, ambayo kila mlango unapopata kiungo huusubirisha sekunde 15 za kusikiliza na nyingine 15 za kujifunza kabla haujaanza kupitisha data. Kwa upande wa pili, programu ya udhcpc iliyokuwa ikiomba anwani hutuma, isipoelekezwa vingine, maombi 3 yanayoachana kwa sekunde 3, na kwa kuwa ilianzishwa na chaguo la `-n`, linaloiambia iache ikikosa anwani, ilikata tamaa na kufunga kazi mlango ukiwa bado umezuiwa.

Nililithibitisha hilo kwa tcpdump, chombo cha kutazama pakiti za data zinazopita kwenye kadi, ambacho ningependa kila fundi akizoee:

`tcpdump -eni eth0 port 67 or port 68`

Mteja, yaani kompyuta inayoomba anwani, huongea kutoka mlango wa UDP 68 (hapa mlango ni namba ya programu, si tundu la swichi) kwenda 67 wa seva inayogawa anwani, akianza na DISCOVER (kutafuta seva), akijibiwa OFFER (anwani inayopendekezwa), akituma REQUEST (kuiomba) na kumalizia kwa kupokea ACK (kuthibitishiwa). Hapa pana tahadhari kubwa: kuiona DISCOVER kwenye kompyuta ya mteja ni ushahidi kwamba mfumo umeikabidhi kwa kadi, wala si kwamba imefika. Ndiyo maana niliendesha amri hiyo hiyo kwenye seva pia, na kule hapakuonekana kitu. Pakiti zilikuwa zinamezwa katikati, na katikati palikuwa na swichi peke yake.

Chaguo la `-e` huonyesha anwani za MAC, zinazoitambulisha kila kadi, na limewahi kunisaidia kwa jambo jingine linalotokea sana maofisini: OFFER inakuja, lakini kutoka kwa ruta ya nyumbani ambayo mtu ameichomeka ukutani kupitia mlango wake wa LAN ili apate Wi-Fi mezani kwake. Hapo watu hupata anwani, tena haraka, ila si za mtandao wenu.

Pale Mwanga dawa ilikuwa kuuweka mlango ule katika hali ambayo kampuni ya Cisco huiita PortFast, inayoruka zile sekunde 30. Hali hiyo ni ya milango inayoishia kwenye kompyuta tu. Ukiiweka kwenye mlango unaokwenda swichi nyingine, unafungulia mzunguko unaoweza kuulaza mtandao mzima. Tulizima kompyuta, tukaiwasha tena, na DISCOVER ya kwanza ikajibiwa.