Tangazo la kejeli kwa wakazi wa mtaa wa kifahari

Tangazo la kejeli ni tangazo la biashara linalomsema mteja kwa mafumbo, huku likijifanya kumsifu. Linatamka jambo moja na kumaanisha jingine, na msomaji anaachiwa aing'amue maana yenyewe. Likilenga wakazi wa mtaa wa kifahari, huchokoza tabia zao: magari mengi kuliko madereva, nguo zisizovaliwa, manung'uniko juu ya shida ndogondogo.

Chukua bango linalosema: "Hongera kwa gari la nne! Majirani wamefurahi sana kukuachia maegesho yao." Aliyelitundika anakodisha maegesho. Hongera ni ya uongo, aibu inayomshika msomaji ni ya kweli, na dawa yake iko palepale chini, pamoja na namba ya simu.

New York kuna mfano unaojulikana. Kampuni ya Manhattan Mini Storage, inayokodisha vyumba vya kuhifadhia mizigo, ilijipatia jina kwa mabango ya namna hii. Moja lilimwambia mkazi kwamba kabati lake la nguo ni finyu kiasi cha kumfanya Dick Cheney aonekane mliberali, yaani mtu wa siasa za mawazo mapana. Cheney, makamu wa rais wa Marekani kuanzia 2001 hadi 2009, alikuwa mhafidhina wa kutajika. Utani ule uliwaingia watu wa Manhattan, sehemu ya jiji la New York, kwa sababu mbili: wengi wao hupigia kura chama cha Democratic, chama cha waliberali, na hata mwenye kipato kinono pale hubanana kwenye fleti. Ungepelekwa kwenye mji wa wahafidhina wenye nyumba kubwa, ungewaudhi watu bure.

Mbona tajiri hanuni? Kwa sababu hapotezi chochote. Anayetaniwa kwa wingi wa magari anakumbushwa kwamba anayo, na akicheka anaonekana mtu asiyejikweza. Kwa maoni yangu, kejeli nyingi za aina hii ni sifa zilizovishwa dhihaka.

Tatizo ni kwamba bango la barabarani halichagui msomaji. Mlinzi anayetoka zamu ya usiku hulisoma, na mpishi anayeshuka kwenye basi alfajiri pia. Utani wa gari la nne hauwagusi. Lakini bango linalomcheka tajiri kwa "kuishi kwenye vyumba viwili kama mtu wa shida" linawatukana wao moja kwa moja, ingawa hawakulengwa, na hakuna bidhaa inayostahili kuuzwa kwa bei hiyo.