Laptopu mpya inayowaka inapojisikia

Laptopu iliyokufa kabisa hainisumbui. Naiweka mezani, nashika multimita, na baada ya muda najua umeme umeishia wapi. Inayonitoa jasho ni ile mpya, hata nailoni ya kwenye kava haijabanduliwa, ambayo jana usiku imegoma, mwenyewe kadamka nayo kutoka Sengerema hadi hapa Makoroboi, Mwanza, nami nikibonyeza kitufe mara moja tu inawaka kana kwamba haijawahi kuumwa. Mwenye mali anabaki kujitetea: "Fundi, haki ya Mungu jana haikuwaka." Namwamini. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wateja wa ng'ambo wanafika bila kusubiri kivuko, lakini nauli ni nauli, na mashine inayowaka mbele yangu sina cha kuitengeneza.

Ugonjwa wa kuja na kuondoka haukamatwi kwa bisibisi. Unakamatwa kwa kujua mashine ilikuwa katika hali gani wakati ule ule ilipogoma: ilikuwa kwenye chaja au kwenye betri, ilizimwa au ilifunikwa tu, taa ya pembeni ilikuwa na rangi gani, feni ilivuma au la. Wengi wakiona kioo cheusi wanabonyeza kitufe hovyo mpaka kidole kiume, na katika kubonyeza kule ushahidi wote unapotea. Kwa hiyo ikigoma, mikono mbali kwa dakika moja. Tazama, sikiliza. Bonyeza Caps Lock uone kama kitaa chake kinajibu. Kisha andika kwenye simu ulichokiona. Mashine isiyo na umeme kabisa, mashine yenye umeme iliyoganda, na mashine iliyowaka huku kioo kikiwa giza, zote kwa macho zinafanana, ila tiba zake hazifanani hata kidogo.

Kitufe hakikati wala hakiunganishi umeme

Swichi ya taa ukutani inaunganisha waya na waya. Kitufe cha laptopu hakifanyi hivyo. Kinapeleka taarifa tu kwa chipu ndogo iliyo kwenye bodi, ambayo iko macho muda wote hata ukidhani mashine imezimwa. Chipu hiyo ndiyo inayosoma betri, inasoma chaja, inaangalia kama kifuniko kimefungwa, halafu ndipo inaruhusu umeme uende kwenye prosesa. Ikichanganyikiwa, labda kwa sababu umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, unaweza kubonyeza hadi kesho.

Dawa yake haina gharama. Chomoa chaja, chomoa flashi, mausi na kila kilichochomekwa. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 bila kuachia. Achia, rudisha chaja, subiri kidogo, bonyeza mara moja kama kawaida. Baadhi ya laptopu za ThinkPad zina kitundu kidogo chini kwa kazi hiyo hiyo. Unaingiza pini taratibu na kubonyeza. Ikiwaka, vizuri. Lakini ikikulazimu kufanya hivyo kila baada ya siku chache, usizoee. Mashine mpya haipaswi kuishi kwa kushikiwa kitufe. Hapo inahitaji BIOS mpya (programu ya ndani ya bodi inayoamsha mashine) kutoka tovuti ya aliyeitengeneza, au irudi ilikonunuliwa.

Hukuizima, ndugu yangu

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu laptopu mpya nyingi ninazoletewa hazina ubovu wowote. Zimeishiwa betri bila mwenyewe kujua.

Laptopu za zamani ukizifunika zilikuwa zinalala usingizi mzito. Nyingi za sasa zinasinzia tu, jicho moja wazi, kama simu. Zinaendelea kushika Wi-Fi, zinapokea ujumbe, zinapakua masasisho. Mwanafunzi anafunika mashine Malimbe jioni, anaisokomeza kwenye begi, anapanda daladala, na akifika mjini begi lina joto kama limebeba chapati. Asubuhi betri ni sifuri. Anabonyeza, kimya. Anachomeka chaja, anabonyeza hapo hapo, bado kimya, kwa sababu betri iliyokauka kabisa inaanza kujazwa kwa umeme mdogo sana na baadhi ya mashine hazikubali kuwaka mpaka ipate akiba kidogo. Anaiacha kwenye chaja kwa hasira, anaenda kunywa chai, anarudi, imewaka. Kwake huo ni muujiza au ubovu. Kwangu ni betri iliyoisha.

Na hata aliyebonyeza "Shut down" hajaizima kikamilifu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuna mpango uitwao Fast Startup: mashine inapozimwa inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka. Dereva moja, yaani programu inayoendesha kifaa fulani, ikihifadhiwa ikiwa imevurugika, kesho inaamka na mvurugiko wake, na unapata kioo cheusi chenye feni inayovuma. Ajabu ni kwamba "Restart" ndiyo inayoanza upya kabisa, siyo "Shut down". Ukitaka kuzima kwa kweli, shikilia Shift kabla ya kubonyeza "Shut down". Ukitaka kuondoa mpango wote, ingia Control Panel, kwenye Power Options, sehemu ya kuchagua kazi za kitufe cha kuwashia, na utoe tiki ya Fast Startup. Hapo hapo badilisha kazi ya kufunga kifuniko iwe Hibernate, yaani mashine ihifadhi kazi zako kwenye diski kisha izime. Asubuhi itachelewa sekunde chache kuwaka. Mimi naona ni bei halali.

Kuna na jambo la sumaku, ambalo watu hawaniamini mpaka niwaonyeshe. Laptopu inajua imefungwa kwa sababu kuna sumaku upande wa kioo na kihisi upande wa kibodi. Ukiiweka juu ya laptopu nyingine, au ukalaza pembeni ya kibodi simu yenye kava la sumaku, inadhani imefunikwa na inalala. Bangili za sumaku za "kushusha presha" nazo zinafanya hivyo. Toa sumaku, bonyeza kitufe, imeamka.

Safari ya umeme kutoka ukutani

Watu wengi wanaanza kwa kulaumu umeme mdogo. Geuza chaja usome maandishi: nyingi zimeandikwa 100–240V, wakati umeme wetu ni 230V. Kwa hiyo umeme ukishuka hata kwa kiasi kikubwa, chaja inaendelea kufanya kazi. Hatari kubwa ni pale umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Ukikatika, chomoa, urudi, utulie, ndipo uchomeke.

Ila kati ya ukuta na chaja kuna mambo. Aliniletea mashine mwalimu mmoja kutoka Ukerewe, mpya, nyumbani inagoma siku mbili, ya tatu inawaka. Hapa kwangu haikugoma hata kidogo. Nikamwambia, "Mwalimu, hebu nionyeshe unavyochomeka ukiwa nyumbani." Akachomoa kalamu mfukoni mwa shati, akaitia kwenye tundu la juu la soketi, vifuniko vya ndani vikafunguka, akasukuma plagi yake ya miguu miwili ya duara. Kitaa cha chaja kikawaka kijani. Nikaugusa waya kwa kidole kimoja. Kikazima. Nikaachia, kikawaka. Soketi zetu zimetengenezwa kukamata miguu bapa ya plagi ya pini tatu. Miguu ya duara haikamatwi, inaning'inia tu. Usiku kucha chaja yake ilikuwa inawaka na kuzima, na betri haikuwahi kujaa. Nikamuuzia waya wa pini tatu wa chaja ile ile, ule unaochomoka, akarudi Nansio na mashine yake bila hata skrubu moja kuguswa. Kalamu kwenye soketi ni hatari hata bila laptopu, tuiache.

Upande wa pili wa chaja, ule unaoingia kwenye mashine, nao una siri zake. Dell na HP nyingi zenye kichwa cha duara zina kisindano chembamba katikati, ambacho hakibebi umeme wa kuendesha mashine, kinaitambulisha chaja. Kikipinda, au ukinunua chaja ya bei ya kutupa isiyojitambulisha, mashine inaweza kuwaka ikiwa kwenye chaja lakini ikakataa kujaza betri. Ukichomoa tu, giza.

Na hizi za USB-C zimeleta balaa jipya. Tundu ni lile lile la simu, kwa hiyo kila mtu anachomeka chaja ya simu. Chaja na mashine zinazungumza kwanza: zinaanza kwenye 5V, zikielewana zinapanda, na laptopu nyingi zinataka 20V na wati 45, 65 au zaidi. Chaja ndogo ya simu haifiki huko. Baadhi ya mashine zitakataa kabisa, nyingine zitaonyesha alama ya kuchaji huku betri ikishuka, kwa sababu matumizi yamezidi kinachoingia. Waya nao una kipimo: wa kawaida unaishia ampea 3, yaani wati 60 kwenye 20V. Kama laptopu yako ina matundu mawili ya USB-C, jaribu yote mawili, maana kwenye baadhi ya mashine moja halichaji.

Imewaka, wewe ndiye huoni

Kama Caps Lock inajibu au feni inavuma, acha habari za chaja. Washa tochi ya simu, ielekeze kwenye kioo kwa mshazari ukiwa gizani. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya kioo ndiyo imegoma. Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Inaanzisha upya dereva ya picha, na mara nyingine kioo kinarudi papo hapo. Unganisha na televisheni kwa waya wa HDMI; picha ikitokea huko, huenda bodi iko salama.

Kuna ushahidi mwingine ambao wachache wanautumia. Ikishawaka, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, uingie Windows Logs, kisha System, utafute saa ile uliyodhani mashine imekufa. Ukikuta kumbukumbu zimeandikwa saa hiyo, mashine ilikuwa hai na huenda tatizo ni kioo. Ukikuta pengo tupu, Windows haikuwa inafanya kazi saa hiyo. Tukio lenye namba 41 na jina Kernel-Power linamaanisha tu kwamba ilizimika bila kuaga. Kama ni wewe uliyeshikilia kitufe, utaliona hilo pia, usitishike.

Mashine zenye ramu za aina mpya ya DDR5 zina tabia yake. Zikiwashwa mara ya kwanza, au baada ya kubadilishwa ramu, zinaweza kukaa na kioo cheusi dakika kadhaa zikiipima ramu. Ukizikatisha zinaanza upya, nawe unaapa umeuziwa kopo.

Ni mpya kweli?

Swali hili linaudhi wateja lakini lazima niulize. Fungua Command Prompt, andika `powercfg /batteryreport`, na ufungue faili linalotokea. Linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa, na uangalie idadi ya mizunguko ya kuchaji kama imeandikwa. Betri ya laptopu "mpya" yenye mizunguko 300 imeshakula chumvi ya mtu mwingine. Ingiza pia namba ya utambulisho ya laptopu (serial number) kwenye tovuti ya mtengenezaji. HP, Dell na Lenovo zote zinaonyesha hali ya waranti.

Muulize muuzaji pia kama aliiongezea ramu au diski kabla ya kukuuzia. Ni jambo la kawaida sana madukani, na si kosa. Lakini ramu isiyokaa sawasawa kwenye nafasi yake ndiyo inayowaka ikiwa mezani na kugoma baada ya kutikiswa kwenye pikipiki kutoka Buzuruga. Kurekebisha ni kazi ya dakika tano, ila iwe ya yule aliyeifungua kwanza, ili waranti isiwe ugomvi.

Betri ikivimba hadi kibodi kuinuka, ukisikia harufu ya kuungua, au kama imemwagikiwa chai, usijaribu lolote kati ya haya. Zima, chomoa, lete.

Kwa nyingine zote, kabla ya kupanda gari, piga video. Isianzie kwenye kitufe. Ianzie ukutani, ifuate waya mpaka kwenye taa ya mashine, ndipo ubonyeze, na uache irekodi dakika nzima bila kuongea ili mlio wa feni usikike. Beba risiti ya EFD. Na chaja uje nayo, ile iliyotoka kwenye boksi, siyo ya jirani.