Maana ya Guillain-Barré kwa anayemuuguza ndugu

Kwenye kadi ya mdogo wangu waliandika herufi tatu: GBS. Mama akauliza ni ugonjwa gani huo wenye jina kama la benki. Muuguzi akajibu, "Giyan-Bare, mama," akahamia kitanda cha pili, maana wodi ilikuwa imejaa. Tukabaki tunaangaliana. Haya ninayoandika ndiyo niliyotamani kuambiwa siku ile, nikiwa nimesimama pale na chupa ya chai mkononi.

Guillain-Barré ni ugonjwa wa kinga ya mwili kukosea adui. Kinga ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu inaigeukia mishipa ya fahamu, ile inayopeleka amri kwenye misuli na kurudisha habari za baridi, joto na maumivu. Mishipa ikiharibika, misuli haipati amri, na mtu analegea. Ubongo wenyewe haujaguswa. Anasikia, anaelewa, hata deni lako analikumbuka.

Jina ni la madaktari wawili Wafaransa, Georges Guillain na Jean Alexandre Barré, walioandika mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, habari za wanajeshi wawili waliolegea. Waliandika pamoja na mwenzao wa tatu, André Strohl, ambaye jina lake liliachwa njiani bila kosa. Ni ugonjwa adimu: kwa mwaka huwapata mtu mmoja au wawili katika kila watu 100,000. Ndiyo maana unaweza kuishi Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, miaka yote usisikie jirani kaupata.

Aliyewahi kulima mpunga Igurusi au Ubaruku ataelewa haraka. Maji yanatoka kwenye banio, yanashika mfereji, yanakwenda hadi jaruba la mwisho. Kingo zikibomoka, maji yanamwagika njiani, na wa kwanza kulalamika ni mwenye jaruba la mwisho. Mishipa ya fahamu nayo ina kingo, ganda la mafuta linaloitwa mayelini. Mshipa unaokwenda kwenye vidole vya miguu ni mrefu kuliko yote, una mahali pengi pa kubomoka, kwa hiyo kwa wengi miguu ndiyo inayoanza, kisha ulegevu unapanda. Wakati wa kupona maji hurudi kwanza kwenye majaruba ya juu, yaani mapaja na mabega, na nyayo husubiri hadi mwisho.

Kuna wagonjwa waliobomokewa kingo tu. Hao hujengeka kwa wiki au miezi. Wengine mfereji wenyewe umefukiwa, uzi wa ndani ya mshipa umekatika, na lazima uote upya. Uzi huo huota takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kiunoni hadi vidole vya mguu ni kama mita moja. Niliipiga hesabu hiyo nyuma ya kadi ya kliniki, nikaona nimekosea, nikaipiga tena.

Chanzo? Theluthi mbili hivi ya wagonjwa huwa wamepata maambukizi wiki chache kabla, kuhara au mafua na kikohozi. Kijidudu kinachotajwa zaidi ni Campylobacter jejuni, kinachokaa kwenye matumbo ya kuku na kumfikia mtu kwa nyama isiyoiva au maziwa mabichi. Sehemu ya ganda lake inafanana na sehemu ya mishipa yetu, basi kinga ikijifunza kumpiga huyu inampiga na yule. Wengi mno huharishwa nacho wakapona bila lolote zaidi. Kwa nini mmoja aangukiwe na hili, hakuna anayeweza kukujibu kitandani. Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Kaa naye, kula naye.

Wala hajatupiwa kitu. Sisemi kwa dharau, maana kwetu nako lilisemwa. Kijana mzima, juzi kapandisha gunia la viazi kwenye Fuso, leo hanyanyui kijiko: nani asiyetafuta mkono wa mtu? Mjomba alitaka tumtoe wodini tumpeleke kwa mtaalamu wake upande wa Ileje. Tulibishana koridoni hadi walinzi wakatuangalia. Mwishowe tukakubaliana mjomba aende peke yake kwa huyo mtaalamu, mgonjwa abaki. Alikwenda, akarudi, heshima yake ikabaki palepale.

Kwa mdogo wangu ilianza na ndala. Alikuwa anatoka chooni, ndala ya kushoto ikabaki nyuma, naye akaenda hatua nne bila kujua. Kesho yake akashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Dispensari moja ilimchoma sindano za vitamini ikamrudisha nyumbani. Siku ya nne hakuweza kuinuka kwenye kigoda. Kilichowashtua madaktari wa hospitali kubwa kilikuwa kitu kidogo tu: walipomgonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira, mguu haukuruka. Kiharusi mara nyingi hupiga upande mmoja, na kwa mara moja. Huu unachukua pande zote mbili, unapanda siku hadi siku, na goti halijibu. Walipomchukua maji ya uti wa mgongo wakakuta protini imepanda huku chembe za kinga zikiwa chache, kilekile walichokieleza wale Wafaransa.

Akilegea mtoto wa chini ya miaka 15, kuna jambo la ziada: ni lazima polio iondolewe shakani. Watachukua choo mara mbili, kwa kupishana saa 24 hadi 48, ndani ya siku 14 tangu alegee. Msione wanasumbua. Mwaka 2023 kirusi cha polio kilipatikana Rukwa, na watoto wa mikoa sita, Mbeya na Songwe ikiwamo, wakapewa matone.

Ugonjwa hupanda kwa wiki mbili hivi, na kwa kawaida hauzidi nne. Hizi ndizo wiki za kutobanduka hospitali, hata kama mgonjwa anaonekana anazungumza vizuri, kwa sababu misuli ya pumzi nayo ni misuli. Kati ya wagonjwa 100, ishirini hadi thelathini huhitaji mashine ya kupumulia. Daktari mmoja kijana alitufundisha kitu cha bure: mwambie avute pumzi, ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Jana amefika ishirini na tano, leo anakatikia kumi na mbili? Mwite muuguzi, usisubiri raundi. Sauti ikianza kutokea puani, au akipaliwa na maji, acha kumlisha papo hapo. Mama zetu wanaamini mgonjwa asipokula uji hatapona, na wanaupeleka mdomoni hata akiwa amelala chali. Uji unaoingia kwenye mapafu ndio unaoua. Mapigo ya moyo na presha navyo huruka juu na chini bila sababu ya kuonekana. Hilo waachie wenye mashine.

Dawa ni za aina mbili, na mgonjwa hupewa mojawapo. Moja ni immunoglobulini ya mshipani, yaani kingamwili, inayotengenezwa kwa damu ya wachangiaji wengi. Nyingine ni kuondoa majimaji ya damu, yaani plazma, kwa mashine na kuweka mengine. Immunoglobulini hupimwa gramu 2 kwa kila kilo ya mwili, kwa kawaida ikigawanywa siku tano. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 120, yaani chupa 24 za gramu 5. Ni ghali. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ileile, muulize na bima inabeba nini, kabla hamjaanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Vidonge vya stiroidi, ambavyo kuna atakayewashauri mvinunue duka la dawa, kwa ugonjwa huu havisaidii. Na hata dawa yenyewe kazi yake ni kusimamisha bomoabomoa. Kujenga kingo ni kazi ya mwili, kwa mwendo wake.

Hapa ndipo ndugu wengi huchoka. Kinakuja kipindi ambacho mgonjwa hashuki wala hapandi, siku kadhaa, pengine wiki nyingi. Wageni wa wiki ya kwanza wameshakwisha. Waliobaki wanaanza kusimulia kando ya kitanda habari za fulani wa Chimala aliyekuwa hivihivi na hakufika Pasaka. Anasikia! Mdogo wangu uso ulikuwa umelegea pande zote mbili, hawezi kukunja hata ndita, wakadhani amelala. Tukapatana naye: kope mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Swali lake la kwanza, baada ya sisi kubahatisha kwa robo saa, lilikuwa kama viazi vimevunwa.

Maumivu ni jambo nililokosea kabisa. Nilidhani aliyekufa ganzi hasikii kitu. Kumbe mishipa iliyochubuka hupiga kelele ovyo: mgongo unauma, nyayo zinawaka, na ngozi haivumilii kuguswa. Ilikuwa Juni, baridi ya Uyole mnaijua, naye analia tukimfunika. Blanketi lilikuwa linamchoma kama upupu. Shemeji yangu akaleta kreti ya soda, akaifungia kitambaa kwenye kingo, akaiweka kwenye godoro juu ya nyayo, blanketi tukalitandaza juu ya kreti. Miguu ikapata joto bila kuguswa. Usiku ule alilala.

Tukiwa kwenye baridi: kukanda. Kila nyumba hapa inajua kumkanda mgonjwa kwa kitambaa na maji ya moto, na ni upendo mtupu. Lakini nyayo zenye ganzi haziwezi kukuambia maji yamezidi. Unatoa kitambaa, ngozi inabaki nacho. Vivyo hivyo chupa za maji ya moto kitandani, na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, ambalo linaweza kuwaua hata wazima. Mnaotaka kutumia mikono, mwombeni mtaalamu wa mazoezi tiba awafundishe kunyoosha viungo taratibu, kila kimoja, kila siku, ili visikakamae wakati amri hazijarudi. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Na kifundo cha mguu kiegemezwe, wayo usimame. Ukiachwa uning'inie wiki sita, mtakuja kuutafuta.

Nani amwogeshe? Jambo hili hakuna karatasi ya hospitali inayolitaja. Mama alitaka, mgonjwa akakataa kwa kope, mara mbili, mara mbili tena. Mke wake alikuwa na mtoto mchanga. Nikamwogesha mimi, kaka mtu, tangu siku ile hadi alipoweza kushika sabuni. Kwa familia za Kinyakyusa zinazoshika mila ni gumu zaidi akiugua baba mkwe, kwa kuwa mkwe wa kike hamsogelei. Nyumba inaweza kuwa na wanawake watatu na asiwepo hata mmoja wa kumgeuza mzee. Kaeni mlipange mapema, kabla mgonjwa hajarudi nyumbani. Pangeni na choo. Choo cha kuchuchumaa kwa mtu asiye na nguvu za mapaja ni shimo la kuangukia. Fundi wa mtaani alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati na mikono ya kushikia, kwa bei ya jogoo wawili, na nasema kwa dhati hakuna dawa iliyomrudishia utu wake kama kile kiti.

Takriban asilimia 80 ya wagonjwa hutembea wenyewe ifikapo miezi sita. Wachache, asilimia 3 hadi 7, hufariki hata penye huduma nzuri. Lakini kutembea si kupona. Kinachobaki ni uchovu, na si ule wa kushinda shambani: anapiga mswaki, anakaa. Anatembea hadi dukani kwa Mangi, kesho yake haamki. Watu waliomchangia nauli sasa wanamwona anatembea, halafu saa nne ya asubuhi amelala, na neno mvivu linaanza kuzunguka. Mimi mwenyewe nililisema, si kwa sauti, lakini alinisoma usoni. Mazoezi mafupi na mapumziko katikati hujenga. Kumkimbiza ili kufidia muda kunamrudisha kitandani siku mbili. Na kinyume chake nacho kipo. Mama aliendelea kumlisha kwa kijiko wiki tatu baada ya vidole kurudi, kwa sababu kumtazama akimwaga mchuzi kulimuuma. Ilibidi tumtoe jikoni kwa heshima zote, tukamwachia kijana sahani yake, kitambaa kifuani, dakika arobaini kwa ugali mdogo na parachichi.

Sasa ni mwezi wa kumi na nne. Viazi anapanda, ila magunia wanabeba wengine. Vidole vya mguu wa kushoto bado haviwezi kubana ndala, kwa hiyo anavaa katambuga zenye mkanda wa nyuma, na akifika mlangoni hutazama chini kuhakikisha zote mbili amekuja nazo.