Samani za Belter ni zipi?

Samani za Belter ni makochi, viti, meza na vitanda vyenye nakshi nzito vilivyotengenezwa New York katikati ya karne ya 19, enzi za Malkia Victoria, kwa ajili ya nyumba za matajiri wa Marekani. Jina limetoka kwa John Henry Belter, seremala mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia huko miaka ya 1830 na kufariki 1863.

Jicho hukimbilia kwanza kwenye nakshi: mawaridi, vichala vya zabibu na majani yaliyosokotana, huku mgongo wa kiti ukiwa umetobolewa matundu kila mahali. Mtindo huo ulifufua mapambo ya Ufaransa ya zama za Mfalme Louis wa 15. Mimi hustaajabia zaidi ubao uliobeba nakshi hiyo.

Ubao wa kawaida hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, kwa hiyo ukiutoboa sana haudumu. Belter alitumia tabaka nyembamba, kila moja kama milimita moja na nusu, mara nyingi sita hadi nane. Alizibandika kwa gundi, nyuzi za tabaka moja zikikatiza za jirani yake, kisha akazibana kwenye kalibu kwa mvuke mpaka zikapinda. Kwa lugha ya karakana zetu, hiyo ni plaiwudi! Mgongo ulitoka mwembamba na imara, ndipo wachongaji wakaanza kuutoboa. Palipohitaji maua yaliyotokeza sana, walibandika vipande vya mbao nzima, zisizo za tabaka, juu yake na kuvichonga. Mwaka 1858 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kupinda mbao hizo pande mbili kwa mpigo, mfano wa bakuli.

Mbao aliyoipenda ni rozwudi, mti wa jenasi moja na mpingo wetu, Dalbergia.

Siku hizi jina Belter hubandikwa ovyo kwenye kiti chochote cha zamani chenye maua. Chunguza ukingo wa mgongo: mistari ya tabaka huonekana pale. Usipoiona, yaani mgongo ni wa mbao nzima, jina hilo lina shaka kubwa. Ukiiona, bado si uthibitisho kamili, maana washindani wake wa New York, kama kampuni ya Meeks, nao walitumia mbao za tabaka, na kazi nyingi za Belter hazina alama yake.