Kioo cha ukungu: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Weka kioo cha ukungu bafuni, hakuna atakayekuona." Kauli hii imewaponza wengi. Kioo hicho, chenye weupe kama wa ukungu usoni pake, hakizuii mwanga, kinautawanya tu. Ukisimama mbali nacho, aliye upande wa pili anaona kivuli kisicho na sura. Ukikisogelea hadi kukigusa, mwili wako unaonekana. Usiku taa ikiwaka ndani na nje kuna giza, umbo lako linasomeka kutoka uani.

Maji ndiyo yanayofichua zaidi. Ukungu wa kioo kilichochimbwa kwa mchanga au asidi ni vishimo vidogo mno usoni pake. Maji yakivijaza, mwanga unapita karibu kama kwenye kioo cha kawaida. Kwa hiyo mlango wa bafu ufungwe upande unaokwaruza ukielekea nje, kwenye ukavu. Ukitaka kuhakikisha, bandika selotepu upande huo: palipobandikwa pataonyesha ng'ambo.

Wapo wanaodhani aina zote ni moja, tofauti ni bei. Sivyo hata kidogo. Kioo cha maua hupitishwa kati ya rola zenye nakshi kikiwa bado cha moto, na dirishani hakihitaji kazi nyingine. Cha asidi huwa laini na hakishiki sana alama za vidole. Stika ya ukungu ni karatasi ya plastiki tu inayobandikwa kwenye kioo. Inawafaa wapangaji kwa sababu inabanduka. Cha mchanga, ambacho mbinu yake ya kupuliza mchanga Benjamin Tilghman wa Marekani aliipatia hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1870, kinashika mafuta ya mikono, lakini kwa mapambo ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Fundi hufunika kioo kwa stika, hukata mchoro, kisha hupuliza mchanga kwa kompresa ya hewa palipo wazi. Akichimba kwa vina tofauti, ua linapata petali za mbele na za nyuma. Mlango wa sebuleni wenye kazi hiyo unapendeza mno, hasa ukimulikwa kwa taa ya pembeni.

Je, ukungu huongeza uimara? Hapana. Balbu za mwanzo zilizotiwa ukungu kwa ndani zilivunjika upesi, hadi Marvin Pipkin wa kampuni ya General Electric alipofaulu, mwaka 1925, kulainisha vishimo hivyo kwa asidi ya mara ya pili. Kwa mlango au ngazi, agiza kioo kilichokazwa kwa joto, na vipimo viwe sahihi kabla, maana kikishakazwa hakikatwi wala hakitobolewi. Kuhusu joto la jua, ukungu peke yake hausaidii kitu cha maana.

La mwisho linawahusu mafundi wa kupuliza mchanga: eti kitambaa puani kinatosha. Vumbi la mchanga wa kawaida huharibu mapafu na hayaponi tena. Anayefanya kazi hii anahitaji kifaa kamili cha kupumulia, na mchanga ubadilishwe kwa chembe zisizo na silika huru (ile ya mchanga inayodhuru mapafu), kama za madini ya ganeti.