Kloshi: kofia ya kengele

Belo la mitumba likifunguliwa pale Mwanjelwa, Mbeya, mara mojamoja hutoka kofia ya kike nzito kama blanketi, yenye ukingo mdogo, umbo lake kama bakuli refu lililofunikwa. Hiyo ni kloshi. Jina ni la Kifaransa, cloche, yaani kengele. Kitambaa chake hakifumwi: sufu au manyoya ya sungura hulowanishwa na kushindiliwa mpaka yashikane, kisha hupigwa mvuke na kuvutwa juu ya kichwa cha mti.

Ili uielewe, anza na nywele. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake wenye uwezo wa Ulaya na Marekani walivaa kofia pana kama sinia, zimejaa manyoya ya ndege. Nywele zao ndefu zilifungwa juu, na pini ndefu ikapita kwenye kofia na nywele pamoja. Ndege waliuawa kwa wingi mno. Mwaka 1921 Uingereza ikapitisha sheria ya kuzuia manyoya hayo yasiingizwe nchini. Miaka hiyohiyo wasichana wakaanza kukata nywele. Pini ikakosa pa kushika. Kloshi ikaja kukibana kichwa chenyewe, ikishuka hadi karibu na nyusi. Caroline Reboux, mshona kofia wa Paris, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuibuni. Ilimfaa mwanamke anayewahi ofisini au anayepanda gari, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa zaidi kuhusu kofia hii: ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka.

Sasa mtazame mama anayeshuka kwenye gari la Tukuyu na mkungu wa ndizi. Kichwa chake ndicho gari lake la pili. Anahitaji ngata, na ngata haikai juu ya kengele. Kilemba cha khanga hulala bapa chini ya mzigo. Akishautua, hukifungua akajifuta jasho, au akakisokota kikawa ngata yenyewe. Baridi ya Juni ikibana kule Uyole, mzula huvaliwa ndani na khanga ikazungushwa juu yake. Na kilemba nacho kimehama: zamani pwani kilikuwa vazi la wanaume, na ndiyo maana katika mahari bado kuna fungu la kilemba kwa wanaume wa upande wa bi harusi, na mkaja kwa mama.

Hata hivyo, kloshi ina watu wake hapa. Mwenye nywele fupi, au aliyesuka twende kilioni, itamkaa vizuri. Aliyerundika rasta kichwani haitamwingia. Ikilowa mvua usiianike karibu na jiko la mkaa, itasinyaa. Ijaze magazeti, uiache ikauke kivulini.